Somoe na Kijiji Kilichobaki Kwenye Ramani

Rahaleo kuna kina Somoe wawili wanaojulikana. Mmoja anakaanga vitumbua karibu na msikiti, na mwingine ni Somoe wa Ramani. Huyu wa pili ndiye tunayemsimulia hapa. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mcheshi, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi, na mkono wa kulia usiotetemeka hata akiwa na homa. Mkono huo ndio uliomlisha. Tangu alipomaliza shule mpaka alipostaafu alifanya kazi kwenye ofisi ya ardhi mjini Mtwara akichora ramani, mwanzo kwa kalamu ya wino, baadaye kwa kompyuta, ambayo hakuwahi kuipenda kwa dhati.

Kichekesho cha maisha yake, na mwenyewe ndiye wa kwanza kukisema, ni kwamba aliichora nchi yote ya kusini bila kuitembea. Kona za Mto Ruvuma alizijua kama mistari ya kiganja chake. Ghuba, visiwa, mabonde, vyote vilipita chini ya kalamu yake. Lakini miguu yake ilijua njia ya ofisini, ya sokoni, na ya kwenda harusini na msibani. Wapimaji walikwenda porini wakarudi na vumbi na hadithi za viboko, wakamwachia namba mezani. Yeye akazigeuza kuwa mistari, akafunga kalamu, akarudi nyumbani kupika.

Ofisi ilipohamia kwenye kompyuta, ramani nyingi za zamani zilitolewa stoo ili agawiwe yeyote anayezitaka kabla mchwa hawajajigawia. Walimu wawili watatu walichukua za kubandika darasani. Somoe alichukua karatasi moja tu, ile ya pwani ya Msimbati na mlango wa Ruvuma, iliyochapishwa miaka ya sitini kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege. Aliikunja kwa mduara, akaitia ndani ya kipande cha bomba la plastiki, akalisimamisha nyuma ya kabati la vyombo. Huko ikakaa miaka na miaka.

Lililoitoa huko ni bishano la mama yake na mjomba wake.

Mama yake, Bi Rukia, na mjomba Athumani ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili walizaliwa Nachitunda, kitongoji kidogo kilichokuwa kusini ya Msimbati, karibu na mikoko ya mlango wa Ruvuma. Bi Rukia aliolewa angali binti mdogo na mfanyakazi wa bandari, akaja kuishi mjini. Athumani, aliyekuwa bado mtoto wakati huo, alikulia hukohuko, akabaki mpaka katikati ya miaka ya sabini watu wa vitongoji walipohamishiwa kwenye vijiji vikubwa. Tangu hapo Nachitunda hapakuwa na mtu. Hata jina lilianza kufutika, na vijana wa ukoo walidhani ni mahali pa kwenye hadithi, kama kule wanakoishi sungura na fisi.

Sasa, hao ndugu wawili walikuwa na jambo moja wasilokubaliana. Bi Rukia alisema kwamba kutoka jikoni kwa mama yao ukitaka kwenda baharini lazima uvuke kijito. Athumani alisema huo ni uzushi mtupu. Baharini ulikwenda kwa mchanga mkavu, na kijito kilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa mashamba. Bishano hilo lilifufuka kila sikukuu. Watu walikuwa wakila pilau huku wakisubiri lianze, na lilipochelewa kuna waliolichokoza.

"Mjomba," angesema mmoja, "hivi Nachitunda mlikuwa mnaoga wapi?"

Basi hapo tena.

Idd iliyopita lilianza kabla hata sahani hazijaondolewa. Bi Rukia alikuwa ameegemea mto, kanga mpya begani.

"Nilivuka kijito kile na ndoo ya chaza kichwani," alisema. "Kila siku. Maji yalinifika hapa." Akaonyesha goti.

"Dada, ulivuka ukienda shamba," alisema Athumani.

"Chaza wanalimwa shamba siku hizi?"

Watu waliangua kicheko. Athumani hakucheka. "Mimi nimeishi pale kuliko wewe," alisema. "Wewe uliolewa mapema, umebaki na ndoto. Mimi nimeondoka pale nina ndevu."

Ndipo Somoe aliponyanyuka, akaenda nyuma ya kabati, akarudi na lile bomba. Aliitandaza ramani juu ya jamvi, akaikandamiza pembe kwa chupa ya chai, bakuli la sukari na viatu vya mtu. Watu wakainama. Akavaa miwani, akapitisha kidole kutoka Msimbati kushuka kusini, taratibu, akipita minazi iliyochorwa kama nyota ndogo, akipita doa la kijani la mikoko, mpaka kidole kikasimama.

"Na-chi-tu-nda," alisoma.

Lilikuwa pale, jina zima, kwa herufi ndogo nyeusi, na pembeni yake vidoti sita vya mraba, maana yake nyumba. Kulikuwa na mwinuko mdogo uliozungushiwa mstari mmoja uliojifunga kama yai refu, na kulikuwa na kijito, mstari wa buluu mwembamba. Mstari ule ulipita kati ya nyumba na bahari.

Bi Rukia alipiga kigelegele mpaka majirani wakadhani kuna mtu kajifungua.

Athumani aliinama, akaitazama ramani kwa muda mrefu, akainuka akashika kiuno.

"Karatasi hii," aliuliza, "imeishi Nachitunda mwaka gani?"

Watu wakacheka tena, lakini Somoe hakucheka. Swali hilo lilimwingia. Ofisini waliambiwa walitazame kabla ya lolote jingine, na wengi walilisahau: ramani ni ya mwaka gani? Siyo mwaka wa kuchapishwa tu, ulioandikwa pembeni, bali mwaka ndege ilipopita juu na kupiga picha, ambao huweza kuwa nyuma sana. Karatasi ile ilikuwa inasema kweli ya siku ile ndege ilipopita. Siku nyingine zote haikuziona.

Usingizi wa mchana haukuja. Jioni alivuka ua kwenda kwa jirani yake Gladness, akamkuta anachambua mchicha.

"Nataka kwenda porini," alisema.

Gladness ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyeletwa Mtwara na kazi akiwa msichana na asirudi tena kwao ila kwa Krismasi. Ni mrefu, ana sauti ya wodini, na kila asubuhi hutembea mpaka ufukweni na kurudi kwa sababu ya magoti. Alikuwa amesubiri miaka mtu amwambie sentensi kama ile.

"Lini?" aliuliza.

"Hujauliza wapi."

"Nitajua tukifika. Nina gari, nina viatu, na nina hii." Akainua simu mpya aliyoletewa na mwanawe. "Hii inajua mpaka mlango wa choo chako. Tutie tu hilo jina lako tuone."

Walilitia jina. Simu ilifikiri, ikafikiri, ikawaonyesha duka la vipuri huko Tunduru. Walipoisogeza picha mpaka mlango wa Ruvuma waliona kijani tupu, bila jina, bila njia.

"Basi tunakwenda na zote mbili," alisema Somoe. "Ya kwangu inajua jina haijui habari mpya. Ya kwako inajua tulipo haijui tunakokwenda."

Waliondoka wiki moja baadaye, asubuhi yenye upepo wa kusi na jua lisilochoma. Walipita Madimba, wakapita penye mabango ya gesi, na kabla ya Msimbati gari likazama kwenye mchanga mara mbili. Mara zote mbili Gladness alishuka, akalitukana kwa Kichaga, likatoka. Kijijini walimwulizia mtu anayeijua mikoko ya kusini, wakapelekwa kwa Kassimu.

Kassimu alikuwa mwanaume wa makamo, mwembamba, mfugaji wa nyuki. Mizinga yake aliitundika kwenye mikoko upande wa mto, na asali yake ina ladha ya chumvi kidogo kwa mbali, jambo ambalo yeye hulitaja kabla hujaonja ili usije ukadhani ni kosa. Aliwapa viti, akaitazama ramani.

"Nachitunda," alirudia. "Shikamooni mama zangu, lakini jina hilo silijui. Nimezaliwa hapa Msimbati. Huku kusini nawajua nyuki wote. Kitongoji sikijui."

"Hii njia je?" Somoe alionyesha mstari wa vidoti.

"Hapo sasa hivi pana mikoko. Hiyo njia ukiifuata utatembea na kaa." Alicheka, akasimama. "Lakini twendeni. Maji yanatoka, tunao muda. Mimi nitawaambia pa kukanyaga, nyie mtaniambia tunatafuta nini."

Walikwenda watatu, Kassimu mbele na panga, Somoe katikati na bomba lake begani kama mtu aliyebeba bunduki, Gladness nyuma na mkoba wa ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, aliyoinunua njiani. Walitembea wakielekea kusini, bahari kushoto kwao. Somoe alikuwa akishangaa kila kitu. Vile vinyota vya minazi alivyovichora mara ngapi vilikuwa na kivuli, na kivuli kilikuwa na baridi. Alama ya bwawa la maji ya mvua ilikuwa na harufu. Alisimama mahali akashika mkorosho, akasema, "Wewe umo," na Gladness akamwuliza anaongea na nani.

Penye fungu refu la mchanga walipumzika, wakajaribu kujua wamefika wapi. Gladness alisoma namba kwenye simu kwa sauti yake ya wodini. Somoe akaziweka kwenye ramani kwa rula na penseli, akachora msalaba, akatazama, akafuta, akachora tena palepale.

"Vipi?" aliuliza Gladness.

"Tuko baharini."

Kassimu alitazama mchanga mkavu chini ya miguu yake. "Mimi sijisikii kuogelea," alisema.

"Simu yangu haikosei," alisema Gladness.

"Haijakosea. Na ramani haijakosea." Somoe alianza kucheka mpaka miwani ikaruka. "Ni mimi niliyesahau. Ramani hii na simu yako hazikuanza kuhesabu kutoka mahali pamoja! Wapimaji wa zamani walikuwa na mwanzo wao, setilaiti zina mwanzo wake. Mahali palepale panapewa namba tofauti. Ofisini tulikuwa tunazisogeza, mita mia kadhaa, kabla ya kuchora." Akausogeza msalaba kwenye karatasi upana wa kucha yake ndogo, ukapanda ufukweni, ukatulia juu ya fungu lilelile la mchanga walilokalia.

"Sasa tumeokoka," alisema Kassimu.

Kutoka pale Somoe alijiamini. Labda alijiamini kupita kiasi. Ramani ilisema waende mpaka kwenye kijito, kisha wapande nacho kuelekea kusini, kijito kikiwa kushoto kwao na mwinuko wa Nachitunda ukiwa kulia. Kijito walikipata kweli, chembamba, maji ya rangi ya chai, kikitoka kwenye mikoko. Kassimu alisema upande wa kulia pana tope baya. Somoe akasema mwinuko uko kulia, na mwinuko ni mahali pakavu, kwa hiyo tope litaisha. Kassimu alikuwa na adabu kuliko wasiwasi, akakubali.

Tope halikuisha. Lilianza kwenye vifundo vya miguu, likaja kwenye muundi, likafika magotini. Mizizi ya mikoko ilisimama kila upande kama miguu ya buibui. Kandambili moja ya Somoe ilimezwa, na alipoingiza mkono kuitafuta alipata kaa, ambaye naye alimpata yeye. Gladness, mwenye viatu vya maana, alikwama vizuri zaidi kuliko wote. Walikuwa bado wanacheka Kassimu alipoinua mkono wanyamaze.

"Maji yanarudi," alisema.

Waliyaona. Yalikuwa yanaingia kati ya mizizi bila kelele, yakibeba majani makavu yaliyokuwa yametulia. Kassimu alionyesha kwa kidevu kwenye ukingo wa tope, mahali palipobonyea kama pameangukiwa na sinia.

"Na hiyo ni nini?" aliuliza Gladness.

"Kiboko. Lakini alama ni ya jana."

"Kwa hiyo leo yuko wapi?"

Somoe aliifungua ramani kidogo, akaitazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ile karatasi haikumwambia kitu. Kulia kwake ilisema pana mwinuko. Alitazama kulia: mikoko, na nyuma ya mikoko, mikoko.

"Kassimu, mwanangu," alisema, "nimewapoteza. Wewe unaona wapi pakavu?"

"Kule." Alionyesha kushoto, ng'ambo ya kijito. Juu ya vilele vya mikoko ulionekana mti mkubwa, mpana, wa kijani tofauti. "Mti ule hauoti kwenye chumvi. Ulipo ule, pana udongo."

Walirudi mpaka kijitoni, wakavuka wakiwa wameshikana mikono, maji yakiwafika kiunoni, Somoe akiwa ameinua bomba juu ya kichwa na Gladness akiwa ameinua simu na ming'oko. Katikati ya maji Gladness alianza kuimba wimbo wa kanisani, kwa nguvu, ili kiboko ajue kuna watu. Kassimu, ambaye ni Mwislamu, aliitikia kiitikio kilipofika mara ya tatu kwa sababu alikuwa ameshakishika.

Ng'ambo, ardhi ilianza kupanda. Kwanza nyasi, kisha mchanga mwekundu, kisha kivuli. Mti ulikuwa mkwaju mkubwa. Walijitupa chini yake, wakacheka cheko la watu waliokuwa wameogopa, wakala ming'oko kwa chumvi na pilipili, mikono ikiwa na tope.

Somoe alisimama, akatembea mpaka mwisho wa mwinuko upande mmoja, akarudi, akaenda upande wa pili. Akatembea tena, sasa akiwa ameishika ramani mbele yake kama sinia. Mwinuko ule ulikuwa mrefu na mwembamba. Upande wa kusini ulichongoka. Mbele yake kulikuwa na bonde dogo, na baada ya bonde kilima kingine kidogo, peke yake. Alitazama karatasini. Yai refu, limechongoka kusini, na tone dogo pembeni.

"Gladness!" aliita. "Njoo! Kassimu, njoo!"

Walikuja wakikimbia wakidhani ni nyoka.

"Tupo," alisema. "Tumekaa juu yake. Tumekula ming'oko Nachitunda."

"Lakini ulisema kijito kiwe upande wa bahari," alisema Gladness. "Hiki tumekivuka huku, upande wa mashamba."

"Nilisema. Sasa tazama kule." Somoe alionyesha upande wa bahari, chini ya mteremko. Katikati ya mchanga na vichaka ulipita mfereji mpana wa nyasi ndefu, ukijipinda, umejaa matete, mkavu. Ulijipinda mahali palepale mstari wa buluu ulipojipinda. "Kile pale. Kijito cha kwenye ramani ni kile. Maji yamekihama! Yamezunguka mwinuko, yamepita nyuma. Kilima hakikwenda popote. Mimi nilikiamini kitu kinachotembea nikakiacha kilichokaa."

Alikaa chini ghafla. Kassimu alifikiri amechoka, lakini alikuwa anakuna mchanga kwa vidole. Alitoa kigae cha chungu, chenye mistari ya kuchorwa kwa ukucha. Kisha kingine. Mbele kidogo Gladness aliona mawe matatu meusi yaliyozama nusu, yamekaa pembetatu, mafiga ya mtu. Upepo ulipita kwenye mkwaju. Somoe alilitazama jiko lile akajua kwamba inawezekana nyanya yake alichutama hapo hapo alipochutama yeye, akipuliza moto, akimwita binti aliyekuwa anachelewa na ndoo ya chaza. Au lilikuwa la jirani. Nyumba zilikuwa sita.

Simu ya Gladness ililia. Wote wakaruka. Ulikuwa ujumbe, ukimkaribisha Msumbiji na kumtakia safari njema.

"Simu inayojua mpaka choo," alisema Somoe, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akicheka.

Mtandao ulikuwepo wa kutosha kupiga. Bi Rukia alipokea kwa kupaza sauti, kwa kuwa kila simu huipokea kana kwamba mpigaji yuko ng'ambo ya mto.

"Mama, niko Nachitunda!"

"Wapi?"

"Nachitunda! Kwenye mkwaju!"

Sauti ya Bi Rukia ikaja ndogo, tofauti na ile ya sikukuu: "Upo? Mkwaju upo?"

"Upo mama. Mkubwa."

"Basi usiupande. Una siafu."

Waliondoka maji yalipotoka tena, Kassimu akiwapitisha kwenye mfereji mkavu wa matete, njia nyepesi ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria kwa sababu hakuna aliyejua inakwenda popote. Kassimu alifurahi kuliko wote. Alikuwa amepata njia ya kwenda kwenye mizinga yake bila kukanyaga tope.

Jumapili iliyofuata mjomba Athumani aliitwa. Somoe aliwasimulia yeye na mama yake mbele ya chai na mihogo, akachora kwa kidole kwenye jamvi: hapa mwinuko, hapa kijito cha zamani, hapa kijito cha sasa. Bi Rukia alikuwa ameshafungua mdomo kushangilia. Kisha akaona kijito cha sasa kimekaa upande wa Athumani, akaufunga.

Athumani alikuwa anakitazama kikombe.

"Kuku," alisema.

"Kuku gani mjomba?"

"Mwaka ule wa mvua kubwa. Dada alikuwa ameshaolewa. Mimi nilikuwa mdogo, hivi. Mvua ilipiga siku nyingi, tukalala tunasikia ardhi inanguruma. Asubuhi tukatoka, banda la kuku liko ng'ambo ya maji. Banda hatukulisogeza. Kuku wanatutazama. Jogoo anawika ng'ambo." Alianza kucheka, mabega yakatikisika. "Miaka yote hii namkumbuka yule jogoo, sikuwahi kujiuliza alivukaje!"

"Hakuvuka," alisema Bi Rukia. "Maji ndiyo yaliyovuka."

"Maji ndiyo yaliyovuka, dada."

Walicheka mpaka Bi Rukia akaomba maji ya kunywa. Kisha akageuka kwa bintiye. "Nipeleke," alisema.

Walimpeleka mwezi uliofuata, siku za bamvua, maji yalipojaa vizuri. Kassimu aliazima mtumbwi mpana, akaweka kiti cha plastiki katikati, Bi Rukia akakaa juu yake na mwavuli, mguu mmoja juu ya mwingine. Athumani alikaa mbele na kujifanya anaongoza. Mtumbwi ulipanda kijito kipya mpaka chini ya mwinuko kabisa, na Gladness akambeba bibi mgongoni hatua za mwisho, akisema amebeba wagonjwa wazito kuliko huyo.

Bi Rukia hakulia kama walivyotazamia. Alitembea na fimbo yake, haraka, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alipita mafiga yale bila kuyatazama. "Hayo ya kina Binti Mkanga," alisema. Akaenda mpaka penye mchongoko wa kusini, akasimama, akaitazama bahari, akageuka akautazama mkwaju, akasogea kidogo kushoto.

"Hapa," alisema. "Jikoni ni hapa."

Walichimba kidogo kwa panga la Kassimu na kukuta majivu yaliyogeuka udongo wa kijivu, na magamba ya chaza, mengi, mapana, meupe ndani. Bi Rukia aliomba aokotewe moja. Alilifunga kwenye pindo la kanga.

"Mkwaju huu aliupanda baba," alisema Athumani nyuma yao.

Bi Rukia aligeuka polepole. "Baba? Mkwaju huu aliukuta babu."

"Dada, mimi mwenyewe niliambiwa na baba kwa mdomo wake."

"Baba alikuwa mwongo, na wewe unajua."

Gladness alimtazama Somoe. "Ramani yako inasema nini?"

"Mkwaju haumo," alisema Somoe, akakaa chini kumenya ming'oko.

Siku hizi Somoe anaitembea karatasi ile kipande kwa kipande. Ameinunulia penseli nyekundu. Njia zilizokufa anazikata, vijito vilivyohama anavihamisha, na kando ya kila alama anaandika mwaka alioiona kwa macho yake. Vilima havigusi. Wafuga nyuki wa Msimbati walimwomba nakala, akawachorea kwa mkono ule usiotetemeka, na kwenye kichwa cha karatasi akaandika tarehe kwa herufi kubwa kuliko jina la mahali. Wanawake wa kwaya ya Gladness nao wametaka kupelekwa. Wa kwanza walikwenda mwezi uliopita, kumi na kitu, wote na miavuli, na Somoe akawapoteza kwa saa nzima kwenye shamba la mikorosho ambalo kwenye ramani ni msitu. Hawakujali. Waliketi kivulini wakaimba, wakala, na mmoja wao akapata mchumba, mwenye shamba, mgane, aliyekuja kuuliza kuna nini kwake.